Daftari, simu, kompyuta au sauti: mkasa mmoja niliouandika mara nne

Mwaka jana, alfajiri moja, nilimsindikiza shangazi soko la Feri, Dar es Salaam, kununua vibua vya kukaanga. Mnada ulipoanza akafika hadi elfu hamsini kwa ndoo. Kijana mmoja nyuma yetu akasema hamsini na mbili. Mnadi akamgeukia shangazi, shangazi akacheka, akajitoa. Nusu saa baadaye, tukiwa tunakunywa chai, kijana yuleyule akaja na ile ndoo begani akamuuzia nusu yake, kwa bei ambayo hadi leo shangazi hajanitajia. Mkasa wenyewe ndio huo. Hakufa mtu, hakuibiwa mtu.

Nilitaka kuufanya makala fupi, nikahangaika nao wiki mbili. Nilikuwa na mianzo mitano, yote imedoda. Mwenzangu mmoja wa kuandika akaniambia kosa ni la kompyuta, nirudi kwenye daftari. Mwingine akasema daftari ni mambo ya wazee. Yeye huandika kila kitu kwenye simu, amesimama ndani ya daladala, na kazi zake zinasomwa. Mama yangu, ambaye haandiki, alinijibu kwa kifupi: mchagua jembe si mkulima. Sikumbishia, mama habishiwi. Ila hata yeye hapalilii mchicha kwa jembe alilochimbia shimo la choo.

Basi nikauandika mkasa ule mara nne, siku nne mfululizo, kila siku kwa chombo kimoja, bila kurudi kutazama cha jana. Jumatatu nilijirekodi sauti. Jumanne simu. Jumatano kompyuta. Alhamisi daftari. Nitangulie kukiri kasoro: ilipofika Alhamisi mkasa nilikuwa nimeukariri, kwa hiyo daftari lilipata upendeleo. Baadaye nilirudia zoezi kwa mkasa mwingine, safari hii daftari likianza, na tabia za vyombo hazikubadilika. Ninavyoviona ni hivi.

Sauti

Nilijifungia chumbani, nikabonyeza kurekodi, nikaongea dakika tisa. Kipande chenyewe, neno kwa neno:

"Basi shangazi akasema arobaini na nane, hamsini, tuseme hamsini, akanyamaza. Kuna yule kijana nyuma, mwenye kanzu, siyo kanzu, fulana, fulana ya mpira, akasema hamsini na mbili. Sasa shangazi, unamjua shangazi alivyo, akacheka tu. Akacheka, akageuka, akaniambia twende tukanywe chai."

Nilipokaa kuyanakili maneno hayo niligundua jambo ambalo miaka yote sikuwahi kuliona. Katika dakika tatu za mwanzo hakuna "ambaye" hata moja. Kuna -ka-, -ka-, -ka- mfululizo, kama mtu anayeshuka ngazi. Kiswahili kina kiungo hicho kidogo kinachobeba hadithi nzima: ukishasema "alifika", kila kinachofuata kinaning'inia hapo, akasema, akacheka, akageuka, na msikilizaji hapotei. Mdomo wangu unakijua. Vidole vyangu, nitaeleza, hukisahau.

La pili ni "unamjua shangazi alivyo". Nilikuwa peke yangu chumbani, nikazungumza na mtu. Sauti haikubali kuongea na ukuta. Lazima umtengeneze msikilizaji, na ukishamtengeneza unaacha kumhubiria. Hili wazee wetu walilijua mapema. Mwana Kupona binti Msham, mshairi wa pwani ya Kenya, alipoutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, anaanza kwa kumwita binti yake aje akae karibu na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana la kumwambia. Mama anasema, binti anaandika. Utendi ule mpaka leo unasomeka kama mtu anayeongea na mtu aliyeketi mbele yake.

Kwa hiyo kama ugonjwa wako ni kushindwa kuanza, anza na sauti. Ukurasa mtupu hauwezi kukutisha maana hakuna ukurasa.

Ubaya wake ni kwamba sauti haina umbo. Dakika yangu ya tano nilianza kueleza historia ya kikaango cha shangazi, ya saba nikawa nazungumzia foleni ya kivuko, ya tisa nikamaliza kwa "ndiyo hivyo bwana". Mtu anayesimulia barazani hukatwa na wenzake. Anayejirekodi hakatwi na yeyote. Kuna tatizo jingine baya zaidi: ukishalisema jambo unahisi umeshaliandika. Nina rekodi kumi na saba kwenye simu yangu ambazo sijawahi kuzisikiliza, na kila moja iliniachia furaha ya kazi iliyokamilika.

Kugeuza sauti kuwa maandishi siku hizi kunaweza kufanywa na mashine. Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili kwenye uandishi wake wa kuamuru kwa sauti. Mimi hunakili kwa mkono wangu. Dakika tisa zilinichukua zaidi ya saa moja, nikisimamisha na kurudisha nyuma, na saa hiyo ndiyo iliyokuwa rasimu ya pili: kila nilipochoka kunakili, nilijua msomaji naye angechokea hapohapo. Mashine ingenakili kikaango na foleni ya kivuko bila kulalamika.

Na kuna suala la nyumba. Anayeishi chumba kimoja na ndugu watatu hawezi kujifungia kuongea na ukuta bila kuulizwa kama ana homa. Rafiki yangu mmoja hurekodi akitembea, simu sikioni, watu wakidhani anapiga. Mbinu nzuri, ukivumilia kelele za bodaboda ndani ya rekodi.

Simu

Jumanne nilikuwa kwenye daladala, nimepata kiti cha dirishani. Dakika arobaini. Kilichotoka:

"Shangazi alifika hamsini. Kijana akasema hamsini na mbili. Mnadi akamtazama shangazi. Shangazi akacheka. Akajitoa."

Dole gumba likichoka linaweka nukta. Hiyo ndiyo siri yote ya mtindo wa simu, na si mtindo mbaya. "Shangazi akacheka. Akajitoa." Sentensi hizo mbili sikuwahi kuzipiku kwa chombo kingine chochote. Lakini hakuna harufu ya samaki, hakuna baridi ya alfajiri, hakuna fulana ya mpira. Kioo kinakuonyesha mistari michache tu, kwa hiyo unaandika bila kuona ulikotoka, na kila aya inaanza kama haina mama.

Simu ina sifa moja ambayo vyombo vingine vyote vinaionea wivu: iko mfukoni. Wazo likija saa nane usiku, au umesimama kwenye foleni ya kununua umeme wa LUKU, halisubiri. Kabla WhatsApp haijaruhusu mtu ajiandikie mwenyewe, mwishoni mwa 2022, tulikuwa tunaunda kikundi, tunamwingiza ndugu, tunamtoa, tunabaki wenyewe. Bado ninacho kikundi hicho cha mtu mmoja, kimejaa sentensi zisizo na kichwa wala miguu. Theluthi ya makala zangu zilizaliwa humo. Hakuna iliyokulia humo.

Kero ni zilezile unazozijua. Simu inayodhani unaandika Kiingereza hugeuza "sana" kuwa kitu kingine kabisa. Zima kirekebishaji hicho kabla hujaanza, au ongeza kibodi ya Kiswahili. Halafu katikati ya sentensi unaingia ujumbe wa kikoba, mhazini anauliza nani hajatoa hisa, na ukirudi sentensi imepoa. Siku ile niliingiliwa mara sita. Kila nilipoingiliwa, sentensi iliyofuata ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

Kwa mama mwenye mtoto mchanga, mlinzi wa zamu ya usiku, kondakta, muuguzi, mjadala wa chombo kipi bora unaishia hapa. Wanaandika kwa simu kwa kuwa ndiyo iliyopo mkononi dakika kumi zinapopatikana. Ninachowaomba ni kimoja: wasiihariri kazi yao humohumo. Waandike, wafunge, waitazame kwingine.

Kompyuta

Nitakuwa mwepesi hapa, kwa sababu Jumatano ilikuwa aibu. Baada ya dakika hamsini nilikuwa na hiki:

"Soko la samaki la Feri ni miongoni mwa masoko maarufu jijini Dar es Salaam ambalo huhudumia wananchi wa vipato mbalimbali. Shangazi yangu, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akijishughulisha na biashara ya kukaanga samaki, alifika sokoni hapo majira ya alfajiri kwa lengo la kununua vibua."

Soma tena ukipenda. Hakuna kosa la sarufi. Pia hakuna shangazi. Huyo ni mwananchi fulani kwenye taarifa ya halmashauri. Nilihesabu "ambaye", "ambalo" na ndugu zake katika aya tatu: kumi na moja. Na "majira ya alfajiri"! Nani nyumbani kwetu anasema majira ya alfajiri?

Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani ni kwamba kompyuta ndicho chombo nilichofundishwa nikiwa naandika ripoti na barua za maombi, kwa hiyo nikiifungua tu, mwandishi wa ripoti anaketi kitini. Tena maandishi yake yanaonekana yamekamilika tangu neno la kwanza: herufi safi, mistari imenyooka, pambizo sawasawa. Kitu kinachoonekana kimekamilika unakipaka rangi, hukibomoi. Ile sentensi ya kwanza niliisahihisha mara tisa badala ya kuitupa, kama mwanafunzi anayepanga utangulizi, kiini na hitimisho kabla hajajua anataka kusema nini.

Na kufuta hakuachi alama. Kati ya sentensi tisa nilizojaribu, nane hazipo popote. Huenda ya nne ndiyo iliyokuwa nzuri.

Lakini ikifika zamu ya kushona, hakuna kinachoigusa kompyuta. Kuhamisha aya ya sita iwe ya pili. Kutafuta kila "ambaye" katika kazi ya kurasa ishirini na kuzihoji moja moja: una kazi gani hapa? Kuhesabu maneno, kumtumia mhariri, kutunza nakala tatu mahali patatu. Anayeandika tasnifu, ripoti, au kitabu chenye sura kumi na mbili asipoteze muda na mjadala huu. Aanze na kompyuta, amalizie na kompyuta, ila azime ile mistari myekundu chini ya maneno. Programu ikiwekwa kwenye Kiingereza hupigia mstari kila neno la Kiswahili, na hakuna anayeandika vizuri huku akisahihishwa na mtu asiyejua lugha yake.

Daftari

Kaunta buku la kawaida, peni ya bluu, meza ya kulia chakula baada ya vyombo kuondolewa. Saa moja na robo. Kipande:

"Shangazi hakupanda tena. Alizikunja noti zake mara tatu, akazifunga kwenye pindo la khanga, akamcheka yule kijana kama anavyonicheka mimi nikiuliza mafuta yamechemka au bado."

Ninaipenda sentensi hiyo, lakini ninachotaka uone ni kilichomo ukurasani kabla yake. Kwanza niliandika "Shangazi alikasirika", nikaikata. Si kweli, hakukasirika. Nikaandika "Shangazi alinyamaza", nikaikata; kunyamaza alinyamaza kabla, sio pale. Nikaandika "Shangazi alishindwa". Hapo nilikaa muda. Kwa macho ya mnada alishindwa. Kwa macho yake hakushindwa, alikataa kupanda. Ndipo likaja "hakupanda tena". Maneno yote manne bado yapo pale, matatu yamepigwa mstari, na ukiyasoma kwa mpangilio unaniona nikielewa shangazi alifanya nini. Makala nzima, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa inahusu tofauti ya kushindwa na kukataa kupanda. Sikuliwaza hilo kwa sauti, wala kwa simu, wala kwa kompyuta. Nililiona kwenye makato.

Wale wanaosema kalamu ina uchawi siwaungi mkono. Kuna utafiti wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa mwaka 2014 ambao hutajwa sana kuthibitisha kwamba mkono hushinda kibodi. Ulihusu wanafunzi wanaochukua notsi darasani: wa kompyuta walinakili maneno ya mwalimu kama yalivyo, wa kalamu walilazimika kufupisha. Waliorudia jaribio baadaye hawakupata tofauti kubwa kiasi kile. Na kuchukua notsi ni jambo jingine, kutunga ni jingine. Ninachoweza kusimamia ni hiki: mkono wangu ni mpole kuliko kichwa changu, na katika ule upole neno bovu hupata nafasi ya kukataliwa kabla halijafika kwenye karatasi. Likifika pia, kulifuta kunaacha kovu.

Karatasi ina ubishi wake mwingine. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya nzima ya Kigikuyu kwenye karatasi za choo, na amesimulia kwamba karatasi zenyewe zilikuwa ngumu, za kumwadhibu mfungwa, na ugumu huo ndio uliozifanya zifae kwa kalamu. Miaka michache kabla yake mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kati ya 1969 na 1972 kwa ajili ya waraka wake wa kuuliza Kenya inaelekea wapi, aliyaandika mashairi yake jela kwenye karatasi za aina hiyohiyo. Yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Siwataji hawa ili kusema chombo hakina maana, ingawa ndivyo wanavyotajwa kila mara. Nawataja kwa sababu karatasi ya choo ina upana wake. Aliyenayo moja tu, kwa siri, hapotezi neno.

Gharama za daftari nazijua kwa machungu. Moja lililowa kwenye begi siku ya mvua ya masika, kurasa sitini za wino wa bluu zikawa bahari. Tangu hapo kila jioni nazipiga picha kurasa za siku hiyo. Kuna pia kazi ya kuchapa upya. Ukimpelekea mtu wa steshenari, jua kwamba atakusaidia bila kuombwa: niliwahi kurudishiwa "hakupanda" ikiwa "hakupandisha dau", na alikuwa na uhakika amenitendea wema. Chapa mwenyewe. Kuchapa daftari ni kusoma kazi yako polepole kuliko mtu mwingine yeyote atakavyoisoma, na sentensi usiyotaka kuichapa ni sentensi ya kuacha.

Na washairi?

Mshairi ananicheka nikimweleza haya. Anacho chombo cha tano, kichwa, na kinamtosha kwa sababu umbo linamshikia maneno. Mshororo wa mizani kumi na sita uliogawanywa nane kwa nane, wenye kina cha kati na cha mwisho, haupotei kirahisi. Ukisahau neno, kina kinakukumbusha. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yaliishi vichwani mwa watu wa Mombasa miaka mingi kabla Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor hawajayakusanya kwa maandishi mwishoni mwa karne ya 19. Jaribu kumwachia mtu makala yangu ya vibua kichwani miaka hamsini. Ila mshairi anayeandika mashairi huru amelitupa begi hilo la kubebea, naye lazima aje kuchagua kama sisi.

Unakwama wapi?

Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1981, watafiti wawili wa Marekani, Linda Flower na John Hayes, waliwataka waandishi waseme kwa sauti kila wanachofikiri wakati wanaandika, wakayachambua maneno hayo. Walichokiona kinapingana na nilichofundishwa shuleni: kupanga, kuandika na kusahihisha hazifuatani kama mabehewa, zinaingiliana dakika kwa dakika. Mtu anasahihisha kabla hajamaliza sentensi, anapanga upya baada ya aya ya nne.

Hilo lilinifanya niache kuuliza chombo kipi ni bora, nianze kuweka kumbukumbu ya mahali ninapokwama. Ukurasa wa mwisho wa kaunta buku langu una safu nne: tarehe, chombo, muda, na "nimekwama wapi". Safu ya nne ndiyo yenye faida. Baada ya miezi mitatu hivi nikaona kwamba sikwami mwanzoni, ingawa ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu. Nakwama kwenye neno la tano la sentensi ya kwanza, pale ninapoanza kuipamba. Ugonjwa wangu ni usahihishaji unaowahi kufika. Kompyuta inaulisha ugonjwa huo. Sauti inaunyima chakula. Daftari linauruhusu lakini linautoza ushuru.

Wewe huenda una mwingine. Yule mwenzangu wa daladala hakwami mwanzoni wala kwenye maneno, anakwama ukurasa wa tatu, kwa sababu hajui alikotoka. Simu ndiyo inayomkwamisha na ndiyo anayoitetea. Nilimshauri anakili kazi yake ya simu kwenye karatasi kubwa za kalenda ya zamani, upande mweupe, aione yote ukutani kwa mara moja. Alinuna, akajaribu, sasa ananiomba kalenda.

Kuna binti jirani yetu, mwanafunzi wa kidato cha tano, aliyenionyesha insha zake. Anaandika vizuri mno na hakuna mtu ndani yake, kama Jumatano yangu. Yeye simwambii aache kompyuta wala daftari. Nilimwambia amsimulie bibi yake kwanza kisa anachotaka kuandika, simu ikiwa inarekodi mezani, kisha aandike kutoka kwenye rekodi. Bibi alimkatiza mara nne kuuliza "nani huyo?" Kila alipokatizwa palikuwa na jina au sababu iliyokosekana kwenye insha.

Mwenye kazi ya kulipwa, yenye tarehe ya mwisho kesho asubuhi, asinisikilize kabisa. Tumia chombo ulichokizoea. Majaribio ni ya wiki isiyo na deni.

Kama una muda wa kujaribu, chukua mkasa mdogo, usio na kifo wala mapenzi, maana mikasa mikubwa inajibeba yenyewe hata ikiandikwa vibaya. Uandike kwa vyombo viwili tu, sio vinne kama mimi. Vinne vilinichosha na shangazi alianza kuuliza ninaandika nini siku zote hizo. Kisha usizisome kutafuta ipi nzuri. Tafuta zinapotofautiana: neno lililopo huku na halipo kule, mtu aliyevaa kanzu hapa na fulana pale.

Makala ya vibua hatimaye iliisha. Mwanzo wake umetoka kwenye daftari, mazungumzo ya mnadani yametoka kwenye sauti, na mwisho ni zile sentensi mbili za simu. Kompyuta haikuchangia hata sentensi moja, ila humo ndimo yote yaliposhonwa, na bila yake ningekuwa bado nina vipande vinne.

Nilimsomea shangazi jikoni, jioni, akigeuza vibua kwenye kikaango. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka pale pa pindo la khanga. Kisha akasema haikuwa hamsini, alifika arobaini na nane akaacha, na ndiyo maana alicheka: kijana alikuwa ameruka elfu nne nzima wakati moja ingetosha. Nikabisha. Nikasema nimeandika mara nne, zote hamsini. Usiku nikarudi kwenye rekodi ya Jumatatu na hapo nikajisikia nikisema arobaini na nane, halafu hamsini, halafu tuseme hamsini. Nilikuwa nimeinakili kwa mkono wangu na sikuiona.

Nimeirekebisha. Bei ya ile nusu ndoo bado hataki kuitaja.